Wakala Aliyekumbuka Mwezi Akasahau Upepo: Usiku Tisa Maldivi

Ninachotathmini hapa ni huduma ya wakala wa safari aliyetupangia, mimi na mke wangu, mapumziko ya usiku tisa katika Visiwa vya Maldivi mwezi wa Agosti. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa shauri lililozuka kati yetu limekwisha kwa makubaliano na sioni faida ya kulifufua. Hoteli yenyewe ilikuwa nzuri kama ilivyokuwa kwenye picha, na kuhusu mchanga wake mweupe hayo yanatosha.

Safari kama hii mtu anaweza kujipangia mwenyewe akiwa amekaa na simu yake. Tiketi ataipata, chumba atakipata, na hata ratiba ya mvua ataisoma. Tatizo ni kwamba mambo haya yameandikwa mbalimbali, kila moja mahali pake, na anayeuza kimoja hana haja ya kukueleza jinsi kinavyogusana na kingine. Mimi humlipa wakala kwa kazi hiyo moja ya kuunganisha, na kwa kipimo hicho ndicho ninampima.

Nianze na pale aliposhinda. Tulikuwa tumejichagulia tiketi ya bei nafuu iliyofika Malé, mji mkuu wa Maldivi, saa kumi na moja jioni, na tulimtumia tukitarajia pongezi. Alijibu siku hiyohiyo kwamba tiketi hiyo ni mtego. Kisiwa tulichokitaka kiko katika Atoli ya Baa, mojawapo ya makundi ya visiwa vya matumbawe, kaskazini-magharibi ya Malé, na wageni wengi hupelekwa huko kwa ndege ya majini, ile inayoelea kwa maboya badala ya kutua kwa magurudumu. Ndege hizo hazina ruhusa ya kuruka gizani, kwa sababu rubani anatua baharini kwa kuangalia mawimbi na mwamba kwa macho yake. Atakayewasili jioni atalala Malé au Hulhumalé, kisiwa jirani, atalipia chumba cha pili usiku ambao tayari ameulipia kisiwani, kisha asubuhi arudi uwanjani na mizigo yake. Akatutafutia ndege iliyotua saa nne asubuhi. Tiketi hiyo ilizidi ile yetu kidogo na ilitulazimu kusubiri saa tano katika uwanja wa kubadilishia ndege, lakini ukiingiza kwenye hesabu gharama ya usiku uliookolewa, ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza.

Aliongeza jambo ambalo sikuliona kwingine: kwamba iwapo ndege yetu kubwa ingechelewa, kulikuwa na njia ya pili kupitia uwanja mdogo wa Dharavandhoo uliomo ndani ya atoli hiyohiyo, ambako ndege za kawaida za ndani huweza kutua hata jua likishazama, na boti ya mwendo kasi ikamalizia safari. Hatukuihitaji, lakini kujua kwamba ipo kulinifanya nilale usingizi ndani ya ndege, na kwa mtu wa umri wangu usingizi wa ndani ya ndege si jambo dogo.

Alitutayarisha vilevile kwa kusubiri. Waendeshaji wa ndege za majini hupanga njia zao jioni ya kuamkia siku ya safari, baada ya kujua idadi ya abiria wa kila kisiwa, hivyo saa kamili ya kuondoka huijui wakati unanunua. Tulisubiri karibu saa mbili. Kisha tukaingia katika ndege ya viti kama kumi na vitano, yenye kelele kiasi kwamba hugawiwa vizibo vya masikio, na mlango wa chumba cha marubani ukabaki wazi muda wote. Nilikaa kiti cha mbele kabisa. Rubani aliyekuwa mbele yangu alikuwa amevaa shati jeupe lenye alama za cheo mabegani na kaptula, na miguu yake ilikuwa mitupu juu ya pedali. Mke wangu alinigusa goti akaninong'oneza kwamba ametulipisha mamia ya dola na hana hata viatu. Dakika thelathini na tano baadaye tuliteremka kwenye jukwaa la mbao linaloelea katikati ya maji, pasipo ardhi ya kukanyaga, na boti ya hoteli ikaja kutuchukua.

Jambo la pili alilolifanya vizuri ni bei. Kabla ya kumfikia yeye tulikuwa tumepokea makadirio kutoka kwa mawakala wengine wawili, yote yakiwa na bei ya chumba iliyofuatwa na alama mbili ndogo za kujumlisha, ambazo mimi nilizichukulia kuwa pambo. Yeye alitufafanulia maana yake. Chukua chumba cha dola 1,000 kwa usiku. Asilimia 10 ya huduma inaongezwa, inakuwa 1,100. Juu ya hiyo, si juu ya ile ya kwanza, inawekwa kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, na sasa umefika 1,287. Kisha kuna kodi ya kijani, dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku katika hoteli za visiwa, iliyokuwa dola 6 hadi mwisho wa mwaka 2024. Watu wawili wanaongeza 24, na chumba cha dola 1,000 kimekuwa cha 1,311. Kwa usiku tisa, anayedhani atalipa 9,000 atakabidhiwa ankara ya 11,799, na hapo hajanywa hata maji. Makadirio ya wakala wetu yalikuwa na jumla moja tu chini ya ukurasa, kila kitu kikiwa ndani yake pamoja na ndege ya majini, na siku ya kuondoka kisiwani jumla hiyo haikuwa imesogea.

Kuhusu chakula alikuwa sahihi kwa sehemu. Katika Maldivi, kwa kawaida kisiwa kimoja kina hoteli moja, kwa hiyo huwezi kutoka jioni ukatafute mgahawa wa bei nafuu mtaa wa pili, maana mtaa wa pili ni bahari. Alitushauri tulipie kifungua kinywa na chakula cha jioni tu. Kwetu tusiokunywa pombe lilikuwa shauri jema, ingawa vyakula vya mchana, vikiongezewa ile asilimia 10 na ile 17, vilituuma kidogo.

Sasa niseme kuhusu majira, ambako alinishangaza kwa namna mbili zinazopingana.

Tulitaka Agosti kwa sababu ndiyo likizo tuliyokuwa nayo. Alitueleza bila kuficha kwamba kuanzia Mei hadi Oktoba huko ni msimu wa kusi, upepo wa kusini-magharibi ambao watu wa huko huuita hulhangu, na kwamba mvua na mawingu si jambo la kubahatisha. Anayetaka anga safi na bahari shwari aende wakati wa kaskazi, hasa kati ya Januari na Aprili, na awe tayari kulipa zaidi, sana sana katika majuma ya mwisho na mwanzo wa mwaka. Mwingine angetuuzia Agosti kwa maneno matamu. Yeye alituuzia Agosti kwa sababu: kusi ndiyo inayosukuma planktoni, vijidudu vinavyoelea majini, ndani ya Hanifaru, ghuba ndogo yenye umbo la mfuko katika Atoli ya Baa, na taa wakubwa wanaoitwa manta huifuata humo kwa makumi. Unesco iliitambua atoli nzima kuwa hifadhi ya baiolojia mwaka 2011, na ndani ya ghuba hiyo kuzamia kwa mitungi ya hewa kumekatazwa; unaelea juu na miwani na bomba la kupumulia, pamoja na mwongozaji mwenye kibali, basi.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba aliangalia kalenda ya mwezi. Manta hukusanyika zaidi wakati wa bamvu, maji yanapojaa sana karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa hiyo alisogeza tarehe zetu siku nne mbele ili mwezi mpevu uangukie katikati ya makazi yetu. Siku ya sita mwongozaji alituingiza majini. Kwa dakika kadhaa sikuona kitu isipokuwa maji yaliyotiwa ukungu na vijidudu, nikaanza kuhesabu gharama. Kisha ukungu ukatoa mdomo. Ulikuwa wazi wote, mpana kuliko mabega yangu, na ndani yake nikaziona mbavu nyeupe za matamvua zikipangika hadi gizani. Manta yule alikuja moja kwa moja kifuani pangu, na pale nilipodhani tunagongana alikunja bawa moja, akapinduka, akaonyesha tumbo lenye madoa na kupita chini yangu bila kunigusa. Nyuma yake walikuwepo wengine. Niliacha kuwahesabu nilipofika kumi na wanne.

Mtu aliyeweza kuunganisha mwezi, maji na tiketi ya ndege, ningetarajia aunganishe pia upepo na chumba. Hakufanya hivyo. Alitupangia usiku nne katika nyumba ya ufukweni na usiku tano katika nyumba iliyojengwa juu ya maji, upande wa machweo, ambao hotelini hapo huuzwa ghali kuliko upande wa macheo. Machweo yako magharibi. Kusi inavuma kutoka kusini-magharibi. Mambo haya mawili alikuwa nayo yote mezani, moja ameliandika katika barua ya mwezi wa Aprili na jingine katika ankara, na hayakukutana kamwe.

Matokeo yake yalikuwa hivi. Baraza tuliyoilipia kwa ajili ya kutazama jua likizama haikukalika kwa zaidi ya robo saa. Mito ya viti ilikuwa imekusanywa ndani na wahudumu kabla hatujafika, dalili ambayo ningepaswa kuisoma. Vioo vya milango viliota ukoko wa chumvi kiasi kwamba asubuhi nilichora mstari kwa kidole, na adhuhuri mstari ule ulikuwa umefifia. Ngazi ya kushukia baharini, ambayo ndiyo sababu ya mtu kulipia nyumba juu ya maji, ilifungwa kwa kamba na bendera nyekundu kwa siku mbili mfululizo. Usiku mawimbi yaligonga nguzo chini ya kitanda kwa pigo moja zito kila baada ya muda, na mke wangu, ambaye si mtu wa kulalamika, aliniuliza kama kuna uwezekano wa kurudi ufukweni.

Nilitembea hadi upande wa pili wa kisiwa. Haikuzidi dakika kumi. Huko maji yalikuwa yametulia kama yaliyo ndani ya beseni, wageni walikuwa wakiogelea kutoka kwenye ngazi zao, na nyumba zilikuwa zilezile, isipokuwa za bei ndogo. Meneja wa hoteli alituhamisha huko asubuhi ya siku ya tatu ya kukaa juu ya maji, tena kwa heshima kubwa, lakini tofauti ya bei hakuweza kuirudisha kwa sababu malipo yalikwisha kupitia kwa wakala. Nilimtumia wakala ujumbe siku hiyo. Jibu lilichukua siku tatu, yaani lilifika wakati tunafunga mizigo.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Alitukumbusha kujaza tamko la msafiri la Imuga, mfumo wa mtandaoni wa uhamiaji wa Maldivi, ndani ya saa 96 kabla ya kuwasili, akatuonya kwamba fomu hiyo ni bure na kwamba tovuti zinazodai ada yake si za serikali. Alitueleza kikomo cha mizigo cha ndege ya majini, kilo 20 za begi kubwa na tano za mkononi, na kwamba pombe haiingizwi nchini hata chupa moja ya zawadi. Hakutuambia kwamba hoteli kadhaa, yetu ikiwemo, husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuliko Malé ili wageni wapate jua refu la jioni. Simu zetu zilishika majira ya Malé, na siku ya pili tulikwenda kupata kifungua kinywa tukakuta meza zinaandaliwa kwa chakula cha mchana.

Tuliporudi niliwaandikia barua ndefu, nikaambatanisha picha ya vioo na ramani ya kisiwa niliyoichora mshale wa upepo. Walikiri kosa bila kuzungukazunguka, jambo ninalowapa sifa, lakini kwanza walitaka kunilipa kwa punguzo la safari ijayo. Nilikataa, na baada ya majuma matatu tofauti ya bei ya usiku wote tano ilirudi kwenye akaunti, zikiwemo zile mbili tulizolala upande wa machweo.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Atakayewatumia ajue kwamba upande wa ndege, kodi na bahari wako hodari, na kwamba upande wa chumba ni vyema amwombe mshauri ramani ya kisiwa yenye dira, amwonyeshe mwezi anaosafiri, na amwache aeleze mwenyewe kwa maandishi upepo utapiga nyumba ipi. Sisi tunatazamia Februari, wakati wa kaskazi, ambapo hesabu hiyo inageuka na upande wa macheo ndio wa kuogopwa. Ombi nimekwisha kuwatumia, na ramani nimeiambatanisha mwenyewe.