Kamera Ndogo za Filamu za Zamani: Ipi Ununue, na Utaitambuaje

Kabla ya kuvutiwa na jina, uliza kamera inakula filamu gani. Ikiwa ni ya milimita 35, filamu na pa kuisafishia vipo. Ikiwa ni nyingine, umejinunulia na kazi ya kutafuta. Ndiyo maana nimezipanga hivi.

Ya kwanza ni Olympus XA2 ya 1980. Angalia usiuziwe kwa bei ya XA ya 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, maana kwa mbali ni pacha. Telezesha kifuniko: XA ina lenzi ya f/2.8 na kiwenzo cha kuchagua namba za f, yaani upana wa tundu la lenzi (namba ndogo, mwanga mwingi). XA2 ina f/3.5 na alama tatu za umbali. XA ni kamera bora, sikatai. Lakini XA2 ukiifunga hujirudisha yenyewe kwenye umbali wa kati, na kwa picha za haraka hilo linanitosha.

Ya pili, Rollei 35, iliyotoka 1966. Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Soma maandishi ya kwenye lenzi: Tessar ni ya f/3.5, Sonnar ni ya f/2.8, kama ile ya 35 S. Ukiona Triotar, hiyo ni ya daraja la chini, usiilipie bei ya wenzake. Zilizotengenezwa Ujerumani huuzwa ghali kuliko za Singapore, ingawa picha hazikuambii tofauti. Lenzi ikikataa kurudi ndani, usiisukume kwa nguvu! Vuta kwanza wenzo wa kusogeza filamu, bonyeza kitufe, zungusha, ndipo uiingize. Mita yake ya kupima mwanga ilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ya volti 1.5 huidanganya.

Ya tatu, Olympus Trip 35. Si ndogo sana, lakini haihitaji betri kabisa. Iweke kwenye A (ijipimie mwanga yenyewe), ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza: kibendera chekundu kisipotokea kwenye kioo cha kutazamia, iache.

Ya nne, Pentax Auto 110 ya 1978, hubadilishwa lenzi, ila haili filamu ya milimita 35, na fremu yake ni milimita 13 kwa 17 tu.

Mwisho ni Minox B ya 1958, yenye picha za milimita 8 kwa 11. Ni ya wakusanyaji. Ielekeze dirishani, sindano ya mita isipocheza, seli ya seleni inayoiendesha kwa mwanga imekufa, na hakuna betri ya kuifufua.