Chupa ya kwanza ya wiski: nimezipanga tano, uanze na ipi

Wengi wakiingia dukani wanaangalia vitu viwili tu, rangi na ile namba ya miaka kwenye lebo, alafu wanabeba yenye rangi nzito na namba kubwa wakiamini ndo tamu kuliko zote. Rangi isikudanganye kabisa, wiski ya Skotilandi inaruhusiwa kisheria kuongezwa karameli ili ipendeze macho. Na hiyo miaka ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo ndani, inahesabiwa ikiwa kwenye pipa tu, ikishaingia kwenye chupa haikui tena hata uifungie kabatini mpaka uzeeke wewe.

Mi nimezipanga kwa swali moja: ukiimaliza hii chupa, utajua ya pili ununue ipi? Kwa mtu anayeanza hilo ndo la maana kuliko sifa zote za kwenye boksi.

Namba moja ni Johnnie Walker Black Label, na najua wapo watakaoguna kwa sababu iko kila mahali, ila ionjeni vizuri jamani. Ni mchanganyiko wa wiski nyingi na hakuna humo iliyo chini ya miaka 12, nguvu yake asilimia 40. Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, usizamishe pua kama unatafuta kitu kilichodondoka, isogeze taratibu huku mdomo uko wazi kidogo. Kwanza inakuja vanila na zabibu kavu, alafu ukishameza ndo moshi unajitokeza kwa nyuma, mwembamba, unakaa kooni kidogo na kuondoka. Sasa ongeza maji, nusu kijiko cha chai tu, subiri kidogo, nusa tena: ule mwako wa pombe unashuka na matunda yanapanda. Utamu, matunda, moshi, vyote viko humo kwa kiasi, kwahiyo utajua mwenyewe ni kipi kilikuvuta na kipi kilikukera, na hapo chupa ya pili inajichagua.

Kama kilichokuvuta ni utamu, nenda Maker's Mark, namba mbili yangu. Hii ni bourbon, yaani wiski ya Marekani ya mahindi, inatoka Kentucky, ile yenye nta nyekundu shingoni. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi angalau asilimia 51 na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na huko kwenye mbao zilizoungua ndo inakotoka ile vanila na karameli. Bourbon nyingi zinawekwa nafaka inayoitwa rai ambayo inawasha kama pilipili manga, hawa wanaweka ngano badala yake, ndo maana inateleza mdomoni. Angalia tu nguvu yake, mara nyingi ni asilimia 45, na utamu wake unafanya usahau hilo.

Namba tatu Jameson. Ya Ayalandi, inakenekwa (yaani inachemshwa na mvuke wake unapozwa kuwa pombe) mara tatu wakati nyingi za kimea za Skotilandi ni mara mbili, na hilo unalisikia kwenye ulimi, nyepesi, haina makali. Kwa ladha tu ningeipandisha, lakini haikufundishi sana, unaimaliza bila kujua unapenda nini. Ila kwa kuchanganya na soda ya tangawizi na ndimu haina mpinzani hapa.

Glenfiddich 12 ya nne, harufu ya peasi mbichi, safi, basi. Nzuri, ila isubiri mpaka pua yako izoee, la sivyo utaiona maji maji.

Ya mwisho Laphroaig 10, na ndo ninayoipenda kuliko zote! Inatoka kisiwa cha Islay huko Skotilandi, shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza kwenye kinamasi, na ukifungua kizibo chumba kizima kinanuka hospitali, moshi, chumvi ya bahari. Mtu akianza na hii anaapa kutogusa wiski tena. Lakini kama ule moshi mwembamba wa Black Label ulikufanya utabasamu, ruka hizo nyingine zote uje huku moja kwa moja.

Ukikaribisha watu nyumbani, kuna wageni ambao wiski hawaigusi. Kwa mvinyo mwekundu Malbec ya Argentina ni salama, ina matunda meusi na ukakasi wake hauning'inii kwenye fizi. Kwa mweupe Sauvignon Blanc ya Nyuzilandi, unanusa pasheni na nyasi zilizofyekwa sasa hivi, na iwe baridi. Usiufungue mvinyo kama mnywaji ni mmoja na anakunywa glasi moja, siku 3 mpaka 5 kwenye friji umeshachoka, wakati wiski iliyofunguliwa inakaa miezi mingi bila shida ukiiweka wima mbali na jua.

Bia sina mengi. Watu wanaikimbia Guinness ya kopo wakidhani ni kali kwa sababu ni nyeusi, kumbe ile ya Draught ina asilimia 4.2, chini ya laga nyingi, weusi ni shayiri iliyokaangwa na ulaini ni gesi ya nitrojeni kutoka kwenye kidude cha plastiki kilicho ndani ya kopo. Na ukinunua laga ya chupa ya kijani au nyeupe usichukue iliyopangwa dirishani, mwanga unaiharibu haraka inaanza kunuka kicheche, omba ile iliyo bado ndani ya katoni na uangalie tarehe kabla hujalipa.