Pampu ya mkono ya kupimia rejeta: kwa mwenye lori kuukuu la dizeli

Kama lori lako linapunguza maji ya rejeta na chini huoni hata tone, nunua hii kabla ya kununua gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, mpira mrefu na vifuniko vya saizi tofauti. Injini ikishapoa kabisa, unaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta, unajaza presha iliyoandikwa kwenye kifuniko hicho, halafu unautazama mshale.

Injini ikiwa ya moto, uvujaji mdogo hukaukia kwenye chuma kabla hujauona, na unaobaki hupeperushwa na feni. Kwa pampu hii unakagua injini ikiwa imezimwa, tochi mkononi, bila haraka. Kwenye lori langu mafundi walishahukumu gasketi hiyo. Nilipofikisha presha ya psi 13 mshale ukaanza kushuka taratibu. Nikapapasa hozi zote na maungio yake: kavu. Kumbe ni wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini. Kwenye kitundu kilicho chini yake, ambapo maji hutokea sili ikichoka, palikuwa na mchirizi wa kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) iliyoganda, na presha ilipokaa, tone likajikusanya, likaning'inia, likadondoka. Sili imekufa. Hedi haikufunguliwa.

Mshale ukishuka na nje kote kukavu, maji yanaingia ndani. Injini nyingi kubwa za dizeli zina laina (mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji, na oringi zake za chini, yaani pete za raba, zikichoka, maji huteremkia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Iache na presha usiku kucha, asubuhi legeza nati ya sampu polepole: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Na kama mshale unatulia injini ikiwa imezimwa, lakini unaruka mara tu unapowasha, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Zima upesi. Hapo sasa gasketi au hedi yenyewe ndiyo ya kushukiwa.

Zile dawa za kumwaga ili zizibe tundu sizitaki kabisa. Huziba pia njia nyembamba za rejeta na hita, ukabaki na lori linalochemsha.

Kasoro zipo. Raba za vifuniko vyake ni ngumu, na zisipokaa sawa huvujisha hewa ukadhani ni injini; pakaza maji ya sabuni kwenye ungio kwanza. Matangi ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha huenda yasipate saizi yake, hakikisha kabla hujalipa. Usipitishe presha ya kifuniko, rejeta kuukuu hupasuka.

Chagua seti yenye kiungio cha kupimia kifuniko chenyewe. Springi yake ikilegea, maji hutokea kwenye mpira wa kumwagia ukiwa njiani, na ukirudi nyumbani injini yote ni kavu. Kifuniko hicho hakitengenezwi, weka kipya chenye presha ileile.