Siku Moja ya Kufundishwa Kuvua Trauti: Thamani Yake Iko Majanini

Ndugu watazamaji, habari za jioni, na karibuni tena hapa ufukweni Kibirizi, Kigoma, mwisho wa reli. Fimbo hii mnayoiona mkononi mwangu si ya kuvulia migebuka, na bidhaa ninayoichambua leo si fimbo yenyewe, bali ni safari ya siku moja ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu, pamoja na mwongozaji anayemfundisha mtu ambaye hajawahi kurusha mshipi wa aina hii maishani mwake. Nimeisubiri kwa hamu siku ya kuirekodi video hii, na naomba mkae nami mpaka mwisho, kwa kuwa nitawaonyesha kwa vitendo jambo moja ambalo nikilikosa kwa mwongozaji yeyote, simlipi tena.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimekulia kwenye mtumbwi na mwanga wa karabai, na kukaa nyumbani bila kugusa mshipi kulinichosha. Kwa hiyo mwezi Julai nilipanda basi hadi Mwanza, nikavuka mpaka pale Sirari, nikapita Nairobi na kufika Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ambako vijito vinavyotelemka kutoka mlimani vina trauti. Samaki hawa si wenyeji wa Afrika Mashariki. Waliletwa Kenya na walowezi mwaka 1905, wakapandikizwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, na wakastawi kwa sababu maji ya huko ni baridi sana. Trauti hudhoofika maji yakizidi nyuzi joto 20, na maji ya juu ya ziwa letu hili huzunguka nyuzi 25 hivi, basi wale mlioniandikia kuuliza kama tunaweza kuwapandikiza hapa Kigoma mmepata jibu.

Habari za fimbo ina urefu gani na gurudumu la mshipi limetengenezwa kwa madini gani sitazieleza, kwa kuwa nilikwisha kuzieleza katika video ya mwezi uliopita. Twende kwenye saa ya kwanza ya safari.

Mwongozaji wangu alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, na nilipofika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa mabuti tayari kuingia mtoni, alinipeleka kwenye uwanja wa majani, mbali kabisa na maji. Alikata ndoana, akafunga mahali pake kipande cha uzi mwekundu wa sufu, kisha akaniambia, "Kijana wangu, hapa hakuna samaki, kwa hiyo hutakuwa na haraka." Wakati ule sikufurahi, maana nilikuwa nimelipa fedha za kuvua samaki. Sasa nawaambia kwamba saa ile moja ya majanini ndiyo iliyobeba thamani ya safari nzima, na ninataka mwone sababu.

Tazameni mkono wangu. Sisi hapa tumezoea mshipi wenye chubwi: unalizungusha, unaliachia, nalo kwa uzito wake linauvuta mshipi hadi mbali. Nzi huyu wa bandia, aliyefungwa kwa manyoya ya shingo ya jogoo juu ya ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, hana uzito wa kuvuta chochote. Kinachorushwa hapa ni mshipi wenyewe. Huu ni mshipi wa namba 5, namba inayoonyesha uzito wake, na mita 9 za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi, ambao unatosha kuipinda fimbo, na fimbo ikijinyoosha ndiyo inayoupeleka mshipi mbele na nzi akaufuata.

Sasa naurusha nyuma. Fimbo inapanda kutoka hapa, pale ambapo mshale wa saa husimama kwenye namba 10, yaani saa nne yetu, nayo inasimama ghafla ikifika namba 1, yaani saa saba. Isimame, isiendelee. Geuzeni macho nyuma yangu mwone mshipi unavyokunjuka hewani, umepinda kama shingo ya korongo, unajinyoosha, unajinyoosha, na sasa umenyooka. Hapo tu ndipo mkono unaporudi mbele. Nikirudi mapema, sikilizeni: umesikia mlio ule wa mjeledi? Mlio huo maana yake ni kwamba mshipi ulikuwa bado haujanyooka, na kama kungekuwa na nzi, angekwisha kukatika na kupotelea majanini. Nikichelewa nako, mshipi unaanguka mchangani nyuma yangu, kama hivi, na fimbo haina tena kitu cha kuvuta.

Kosa la kila mwanafunzi liko kwenye kifundo cha mkono. Kifundo kinalegea, fimbo inalala nyuma mpaka ncha inakaribia kugusa ardhi, na mshipi unakwenda chini badala ya kukaa juu. Mzee yule hakunikemea. Alichukua kitako cha fimbo akakichomeka ndani ya mkono wa shati langu, nikafunga kifungo, na kuanzia hapo kila nilipolegeza kifundo kitambaa kilinibana. Nilirusha hivyo kwa muda wa dakika 20 labda, mpaka mkono ukakoma wenyewe. Dawa hii haigharimu hata senti, na mtu mwenye shati la mikono mirefu anaweza kuijaribu leo jioni.

Kuhusu muda wa kungoja, mimi nilijitafutia kipimo changu. Mshipi ukiwa nyuma ninatamka moyoni jina la ufuko huu, polepole: Ki-bi-ri-zi. Silabi nne zinatosha mita 9. Mshipi ukiwa mrefu zaidi, ninalivuta jina.

Mtoni kwenyewe nitapita haraka, kwa sababu picha mtaziona zikipita pembeni. Trauti husimama akikitazama kichwa cha mto, akingoja chakula kinacholetwa na mkondo, hivyo unamwendea kutoka nyuma yake, ukirusha kuelekea maji yanakotoka. Nilivua watatu, na mkubwa wao alikuwa wa sentimita 28. Kabla sijamgusa, mzee aliniamuru nilowanishe mikono, kwa kuwa mkono mkavu unambandua samaki ule ute unaomkinga na magonjwa, na ndoana zake zote alikuwa amekwisha kuzibana vijino kwa koleo ili zitoke bila kuchana. Kisha tukamwachia. Nakiri kwamba jambo hilo lilinikera siku ile, maana kwetu samaki ni chakula na ni ada ya shule, na bado sijalikubali lote. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye ziwa lililofungwa kwa sababu samaki wamepungua, na nilipomwona yule trauti akijificha tena chini ya jiwe lake nilielewa kwa nini mwongozaji anayeishi kwa mto mmoja mwembamba anahesabu kila mmoja.

Siku iliyofuata nilijaribu mwongozaji mwingine aliyetoza nusu ya bei. Alinipeleka kwenye bwawa la kufugia, akarusha mshipi yeye mwenyewe, akanipa fimbo nivute samaki aliyekwisha kunasa. Nilivua tisa na sikujifunza chochote. Ninyi mnaonilinganisha na chaneli zinazoonyesha samaki mfululizo mjue kwamba wengi wa samaki hao wanaweza kupatikana kwa njia hiyo.

Bei sasa. Siku nzima nililipa kiasi kinachokaribia shilingi 400,000 za Tanzania, vifaa vyote na chakula cha mchana vikiwemo, na nusu siku ingekuwa 250,000. Nilipoanza kurekodi nilikusudia kuwashauri mchukue siku nzima. Hata hivyo, nimezitazama upya picha zangu za alasiri, na kila mrusho baada ya saa nane una kosa, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na akili imeshiba. Kwa mwanafunzi wa mara ya kwanza nusu siku inatosha, mradi umuulize mwongozaji swali hili kabla hujatoa fedha: tutakaa muda gani nchi kavu? Akikujibu kwamba mtaingia majini moja kwa moja, tafuta mwingine.

Kuanzia wiki ijayo video zitatoka Jumamosi badala ya Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi jioni nimeanza kuwafundisha vijana watano kurusha mshipi hapa hapa mchangani, kwa uzi wa sufu, bila ndoana. Wakishaiva tutaipeleka fimbo hii kwenye miamba tukamtafute kuhe, samaki mkubwa wa ziwa letu hili, nami nitawaonyesha kila kitakachotokea, tupate au tukose.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza juzi, na hajawahi kuona trauti hata kwa picha. Njoo, shika. Funga kifungo cha shati. Msitazame mkono wake, tazameni midomo: anapandisha, anasimama, Ki-bi-ri-zi, na ule uzi mwekundu unatua kule, kandokando ya mtumbwi.