Mwaka mmoja na ushei na programu ya ankara: bei ya saa ya mtu inatoka wapi

Ofisi yetu iko Vuga, Zanzibar. Tuko watu 11, na kazi yetu ni kuchora na kusimamia ukarabati wa nyumba za zamani za Mji Mkongwe, pamoja na majengo mapya ya shamba na ya Pemba. Mimi ndiye mhasibu. Wateja wengi tunawatoza kwa saa: kila mtu anaandika saa zake, mwisho wa mwezi natoa ankara. Miaka yote nilifanya kwa Excel, hadi Januari ya mwaka jana tulipohamia kwenye programu ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi. Jina lake sitalitaja, maana haya ninayoyaeleza yanaweza kumkuta mtu kwenye programu nyingi za namna hii.

Machi ya mwaka huu nilitoa ankara ya nyumba moja ya Shangani, ya kuta za mawe na chokaa, ambayo mwenyewe anaigeuza nyumba ya wageni. Mteja alilipa upesi. Wiki ya pili yake akanijia binti mmoja, mchoraji wetu, simu mkononi.

"Shikamoo ami. Hebu nitazamie, saa zangu za Shangani mbona zimeandikwa 20,000?"

Nikatazama, ikawa kweli. Binti huyu alikuwa mwanagenzi, na Januari tulimpandisha kuwa mchoraji kamili. Saa yake tukapanga itozwe shilingi 35,000. Bei hiyo niliiandika kwa mkono wangu kwenye faili lake. Saa 62 kwa 20,000 ni 1,240,000, na ilitakiwa iwe 2,170,000. Shilingi 930,000 hatukuzidai.

Nilikuwa nikiamini kwamba bei ya mtu inakaa kwenye faili la mtu. Sivyo. Programu ikipokea saa huanza kutafuta karibu kabisa na kazi yenyewe. Je, mtu huyu ana bei yake maalumu kwenye mradi huu? Kama hana, wadhifa wake una bei kwenye mradi? Kama hauna, mteja huyu amewekewa orodha yake ya bei? Faili la mfanyakazi ndilo la mwisho kuulizwa. Bei ya kwanza inayokutana nayo ndiyo inayoishika, haiendelei mbele wala hailinganishi. Huo ndio utaratibu wa hii yetu. Nyengine hupanga ngazi zake kwa namna nyengine, kwa hiyo anayetaka kununua aulize hilo kabla ya kitu chochote.

Kosa lilianzia hapo. Mradi wa Shangani wa awamu ya pili niliunakili kutoka awamu ya kwanza ili nisijaze upya, na ile bei ya mwanagenzi ya mwaka jana ikaja nayo. Ikakaa juu, na bei mpya chini yake haikufikiwa hata mara moja.

Kilichoniuma zaidi ya pesa ni ripoti ya robo mwaka. Kila mfanyakazi ana bei mbili ndani ya programu: ile anayotozwa mteja, na gharama yake kwetu, yaani mshahara na mchango wa mwajiri wa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) ukigawanywa kwa saa. Ripoti hulinganisha hizo mbili. Binti huyu alionekana analeta kidogo kuliko wenziwe wote, na mkuu wa ofisi alishaanza kuniuliza habari zake. Huyu ndiye aliyekaa siku tatu juu ya jukwaa akipima boriti moja moja kwa futi ya mkononi, akachora kila kidaka cha ukutani mpaka na nyufa zake. Nilikwenda kwa mkuu siku ile ile, nikamwonesha kosa ni langu.

Jambo la pili ni sifuri. Kwenye mradi wa Wete, kule Pemba, niliandika 0 mbele ya kazi ya "safari", nikidhani nasema bado haijajazwa. Programu ikaichukua 0 kuwa ndiyo bei. Saa zote za boti kutoka Malindi hadi Mkoani, na za gari hadi Wete, zikaenda bure kwa miezi miwili. Nilipoifuta na kuacha tupu, ikashuka ngazi mpaka ikapata bei ya kawaida. Na mtu akipandishwa, usifute bei ya zamani ukaandika mpya juu yake: ongeza mstari mpya wenye tarehe ya kuanza, vyenginevyo saa za nyuma ambazo hazijatolewa ankara zitageuka zote.

VAT nayo ilikuja imewekwa asilimia 18 ya Bara, hapa kwetu ni 15. Hilo lilirekebishika kwa dakika moja.

Sifa yake kubwa ni safu moja inayoonesha chanzo cha bei. Imefichwa, hutokea ukiibofya, lakini ukiifungua kila saa inakwambia imetozwa kwa bei ya mradi, ya wadhifa, ya mteja au ya mtu. Ningeijua tangu mwanzo, nisingemkosea yule binti. Kwa ajili ya safu hiyo nimeipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja naishikilia mpaka waweke onyo mtu anaponakili mradi wenye bei maalumu za watu.

Mteja wa Shangani nilimpelekea ankara ya nyongeza na maelezo, akalipa nusu, nusu tukamsamehe. Sasa kila tarehe 28, kabla sijatoa kitu, naifungua safu ile kwenye kioo kikubwa, na kila mtu anapita kutazama saa zake mwenyewe. Yule binti huwa wa mwanzo.