Malindi hadi Mombasa: kifaa cha GPS au simu?

Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, takriban kilomita 120, msongamano wa Mtwapa ndio unaokula muda. Hapo simu inashinda kabisa. Google Maps hupima mwendo wa simu zilizomo barabarani, hivyo ule mstari mwekundu wa msongamano unauona ungali Kikambala, kabla ya Mtwapa, ukaamua kushuka unywe chai kwanza. Kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo huhitaji laini ya data au mawimbi ya redio kupata habari hizo. Bila hivyo kinajua njia tu. Lakini ramani imo ndani yake, na setilaiti hazidai bando. Kuelekea Garsen, mtandao ukikatika, ningekiamini. Simu nayo hupakuliwa ramani mapema, ila msongamano haionyeshi bila intaneti. Kwa Mombasa nachagua simu, na chaja ya gari isikose.