Miezi mitatu ya kupika mapishi ya mitandaoni: yaliyokubali na yaliyonishinda

Nilianza mwezi wa Juni nikajiwekea sharti: kila wiki nipike vitu viwili nilivyoviona TikTok, YouTube au Facebook, na kila kimoja nikipike angalau mara mbili kabla ya kukisema vizuri au vibaya. Jikoni kwangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kuna meko ya gesi ya kilo 6, jiko la makaa kibarazani na sufuria za kila saizi. Oveni sina, ikibidi naenda kwa dada yangu Donholm. Nayataja haya mapema kwa sababu siku hizi nikiona resipe, kabla ya kutamani chochote natazama kwanza imepikwa kwenye jiko gani.

Nianze na mahamri, maana ndiyo yaliyonifunza mengi. Video ilikuwa ya dada mmoja wa Mombasa, ya dakika moja tu. Vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko cha hamira, iliki, tui zito. Anakanda, anafunika, picha inakatika, na punde unga umejaa bakuli. Nilienda soko la Marikiti nikanunua nazi mbili, nikazikuna kwa mbuzi, nikachuja tui, nikakanda mpaka mabega yakauma. Nikafunika. Saa nzima ikapita, donge liko vile vile. Baada ya saa mbili lilikuwa limeinuka kidogo tu pembeni. Watoto walikuwa wanangoja chai, nikakaanga hivyo hivyo. Yalitoka magumu, ndani yameshikamana, na usiku kucha tumbo lilikuwa zito. Iliniuma, kwa sababu nazi si bei rahisi na wanangu walikula kimya ili wasiniudhi.

Kesho yake nikampigia wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Likoni.

"Wifi, unga ulipimia kikombe kipi?" akaniuliza.

"Cha chai."

"Kile kikubwa chenu cha bara? Basi umezidisha unga. Na huko kwenu saa hizi si baridi? Hamira yataka joto, wifi yangu."

Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikapima kikombe changu: kinabeba mililita 350. Kikombe cha kupimia cha wapishi hubeba kama 240 au 250. Vikombe vinne vyangu vilikuwa zaidi ya vitano na nusu vya yule dada wa Mombasa. Kama kila kitu kingepimwa kwa kikombe hicho hicho pasingekuwa na neno, lakini hamira hupimwa kwa kijiko na mayai huhesabiwa. Ukikosea kikombe, hivyo viwili vinabaki nyuma. Mahamri yangu yalipata hamira pungufu kwa zaidi ya robo, tena katika baridi ya Nairobi ya Juni, asubuhi ambazo hata mafuta ya nazi yanaganda chupani.

Mara ya pili nilipima unga kwa mizani, gramu 500. Tui nililipasha likawa vuguvugu tu, lile ambalo kidole kinastahimili bila kukitoa, kwa sababu likiwa moto sana linaua hamira. Bakuli nikaliketisha ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, nikafunika kwa leso iliyokunjwa mara mbili. Baada ya saa moja na nusu nilipofunua, harufu ya iliki ilinipanda puani na unga ulikuwa umegusa leso. Kukaanga nako kuna siri ambayo video ilionyesha kwa sekunde mbili bila kuieleza. Ukitumbukiza hamri, usiligeuze. Chota mafuta kwa upawa umwagie juu yake, mara tatu, mara nne. Linaanza kuinuka upande mmoja, halafu tumbo linajaa lote, linaelea, ndipo unaligeuza. Nililipasua la kwanza bado moto: ndani wazi kabisa, kuta mbili nyembamba na mvuke. Hiyo resipe naipa alama zote, ila aliyeirekodi angeandika gramu angewaokolea watu nazi nyingi.

Chapati laini, zile za kukandia maji moto na kuacha donge lipumzike nusu saa, zilikubali siku ya kwanza. Za malenge vile vile: chemsha, ponda, kanda nayo badala ya sehemu kubwa ya maji. Rangi yake inapendeza na zinabaki laini hadi kesho yake. Hakuna zaidi la kusema hapo, pika tu.

Maharagwe ya nazi yalinipa somo lingine. Mpishi alisema dakika 45 tangu maji yachemke. Yangu nilikuwa nimeyaloweka usiku kucha kama alivyoagiza, na bado yalichukua karibu saa mbili. Nilidhani nimeuziwa ya zamani, nikamlaumu mama mboga bure. Mama huyo ndiye aliyeniuliza huyo mpishi anapikia wapi. Alikuwa Pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Yanatokota vizuri sana machoni, lakini hayana joto lile. Kuongeza moto wa gesi hakusaidii kitu, unamaliza mtungi tu. Sasa maharagwe nayapika kwa makaa au namwomba jirani sufuria yake ya presha, na tui naliweka mwisho.

Mwinuko huu wa mji wetu ndio pia ulioharibu keki yangu ya pili. Ya kwanza iliharibika kwa kosa jingine: resipe ya Kimarekani ilisema oveni nyuzi 350, nasi kwa dada tukazungusha kitasa hadi mwisho, 250, tukidhani oveni yake ni dhaifu. Keki ikaungua juu, katikati uji. Wamarekani hutumia nyuzi za Fahrenheit, na 350 zao ni kama 180 zetu. Ya pili tuliweka 180, ikapanda haraka, ikapendeza, kisha ikazama katikati kama sahani. Huku juu hewa ni nyepesi, na vile viputo ndani ya keki hutanuka upesi kabla unga haujashika. Nilipunguza ule unga wa kuumulia keki kutoka vijiko viwili hadi kimoja na nusu, na ya tatu, niliyooka nyumbani ndani ya sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, ilisimama. Nilifurahi sana siku hiyo. Keki bora kuliko zote nimeioka kibarazani kwa jiko la makaa.

Kuhusu vyakula vilivyovuma dunia nzima, nimejaribu viwili. Kahawa ya povu iitwayo dalgona, ile iliyoenea kutoka Korea Kusini mwaka 2020, inakubali ukitumia kahawa ya kuyeyuka, sukari na maji moto kwa kipimo sawa, na upige kwa mkono bila kuchoka. Nyumbani kwangu ni watu wa chai, kwa hiyo nilipika mara mbili nikaacha. Tambi za jibini la feta, resipe ya mwanablogu wa Ufini Jenni Häyrinen ya mwaka 2019 iliyolipuka TikTok mwaka 2021, ni tamu kweli: nyanya ndogo, mafuta ya zeituni, feta, vyote ndani ya oveni. Chumvi usiongeze, jibini inayo ya kutosha. Ila kwa pesa niliyotoa supamaketi kwa feta na zeituni peke yake ningelisha familia mboga na nyama siku mbili. Naihifadhi kwa siku ya wageni.

Kitu kimoja kilinikasirisha. Ukurasa fulani ulinitoza shilingi 300 kwa kijitabu cha mapishi 50. Ndani hakuna gramu hata moja. "Unga wa kutosha", "mafuta kiasi", "pika mpaka iive". Anayejua kiasi hahitaji kijitabu, na asiyejua ndiye huyo anayelipa. Niliandika kuomba pesa zangu, hawakujibu.

Nyuma ya mlango wa kabati sasa nimebandika karatasi nne zenye vipimo vyangu: mahamri, chapati za malenge, keki ya sufuria na maharagwe. Wifi ameniahidi vya mkate wa sinia, ule wa mchele, na safari hii anapima kwa mizani huku ananirekodia sauti. Mchele nimeshauloweka.